Pete ya Suleiman: nani mfalme, nani jini, nani kichaa?

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Ngamiani, Tanga, kina kesi ambayo haijawahi kufungwa, inalala miezi kadhaa alafu inaamka tena kama malaria. Juzi iliamshwa na dogo mmoja fundi simu, alikuwa anatuonyesha video ya mganga anayeuza pete, eti "pete ya Nabii Suleiman, inavuta wateja, inarudisha mume, inamaliza kesi mahakamani", dogo akauliza bila ubaya wowote, hivi hii pete yenyewe ya ukweli si iliibiwaga na jini? Basi kahawa ikapoa. Mzee mmoja aliyevua miaka na miaka upande wa Sahare akasema ndio, jini anaitwa Sakhri, akakalia ufalme siku arobaini, pete ikaja kukutwa tumboni mwa samaki. Fundi cherehani jirani yangu, Mlutheri wa Lushoto, akasema yeye Biblia kaisoma na Sulemani anamjua vizuri, hekalu limo, wake mia saba wamo, malkia wa Sheba yumo, ila pete ya kufunga majini haimo. Ustadhi naye akaweka kikombe chini akasema na kwenye Qur'ani pia pete haimo.

Kinachochanganya watu ni kwamba wote watatu wamesema kweli. Pete haimo kwenye Biblia, haimo kwenye Qur'ani, na bado kuanzia Moa mpaka Pangani hukosi bibi anayekijua kile kisa cha pete kwa urefu na mapana. Mi sio sheikh wala padri, ila hili jambo nimelifuatilia muda, na nilichogundua ni kwamba tunaidhani ni stori moja kumbe ni kama kamba ya nanga, ukianza kuifumua unakuta nyuzi tatu nne zimesokotwa pamoja na kila uzi umetoka kwao.

Nianze na ile ya mzee maana ndo tuliyolelewa nayo. Nabii Suleiman (a.s.) alipewa ufalme ambao hajapewa mtu, upepo unamtii, ndege anaongea nao, majini wanamjengea na wengine wanamzamia baharini. Kwenye kisa hicho ufalme wote huo umefungwa kwenye pete. Akitaka kuingia msalani au akiwa hana twahara anaivua, kwa heshima ya jina la Mungu lililoandikwa juu yake, anamwachia mwanamke wa nyumbani kwake anayemwamini, wengine wanasema anaitwa Amina, wengine wanasema ni mkewe Jarada. Siku hiyo kaingia ndani, akatokea jini Sakhri, sura ya Suleiman, sauti ya Suleiman, akasema nipe pete yangu, mama wa watu akampa. Sakhri akavaa, akaenda kukaa kwenye kiti cha enzi, ndege na majini na watu wakampigia magoti. Suleiman mwenyewe anatoka, anaomba pete, anaambiwa we nani, Suleiman keshachukua pete yake, yule pale amekaa.

Na hapo ndo pananiuma kila nikisikia. Mfalme akaanza kuzunguka mlango kwa mlango anasema mimi ndo Suleiman mwana wa Daudi, watu wakamrushia mchanga na kumtukana, wakasema mwangalieni huyu mwendawazimu anajiita Suleiman. Alipoona hivyo akashuka pwani akapata kibarua cha kubeba samaki wa wavuvi, ujira wake samaki wawili kwa siku, mmoja anauza apate mkate, mwingine anachoma anakula. Siku arobaini. Huku mjini nako hukumu za yule bwana zikaanza kuwatia watu shaka, waziri Asafu bin Barkhiya akafanya uchunguzi wake, watu wakafungua Taurati wakasoma mbele yake, jini likashindwa kuvumilia likaruka, likapita juu ya bahari likaitupa pete, samaki akaimeza, na jioni ile ile samaki huyo akawa ndo mshahara wa Suleiman. Kampasua, kakuta pete, kavaa, ndege wakamjia juu ya kichwa, wavuvi wakaanza kuomba radhi. Sakhri akasakwa akaletwa, akatiwa ndani ya jiwe, likafungwa kwa chuma na madini ya risasi, likatoswa baharini.

Hiyo imeandikwa kwa urefu na Thaalabi, mwanachuoni wa Nishapuri aliyefariki mwaka 1035, kwenye kitabu chake cha visa vya Mitume, na kabla yake Tabari aliyefariki 923 kaileta kwenye tafsiri yake ya Qur'ani na kwenye kitabu chake cha historia. Mmoja wa wapokezi wakubwa wa kisa hiki ni Wahb bin Munabbih, mtu wa Yemeni aliyesifika kwa kujua habari za vitabu vya Mayahudi na Wakristo. Hilo jina likumbuke, tutalirudia.

Sasa Qur'ani yenyewe inasemaje? Ni aya moja fupi sana, Sura Sad aya ya 34, kwamba Mwenyezi Mungu alimjaribu Suleiman na akaweka mwili juu ya kiti chake, kisha Suleiman akarejea. Basi. Aya inayofuata anaomba msamaha na anaomba ufalme ambao hautamfaa mtu mwingine baada yake, ndo zinakuja habari za upepo na mashetani wajenzi na wazamiaji. Mwili gani, wa nani, umefika vipi pale kitini, aya haisemi, na watu hawapendi kitu kikikaa wazi hivyo. Ndo pale kisa cha pete kikapata mlango wa kuingilia, kwamba ule mwili ni Sakhri.

Ila sio wote waliokubali na hapa ndo ustadhi wetu alipokuwa anaelekea kabla hajakatizwa na kelele. Fakhruddin Razi, mfasiri wa Qur'ani aliyefariki 1210, alikikataa kisa hicho kwa hoja ambazo mi naziona kama za wakili. Kama shetani anaweza kuvaa sura ya Nabii, basi sheria yoyote tuliyopokea tutajuaje kama imetoka kwa Nabii na sio kwa shetani aliyejigeuza? Na kama jini lina uwezo wa kumfanyia hivyo Nabii wa Mungu, mbona haliwafanyii wanazuoni na wachamungu wengine, likawaua na kuchana vitabu vyao? Yeye na wenzake wakaona tafsiri nyingine zinatosha, mojawapo kwamba Suleiman aliugua sana mpaka akawa amekaa kitini kama mwili usio na roho, yaani mwili ni wake mwenyewe. Nyingine inaunganisha na hadithi iliyomo kwa Bukhari, kwamba Suleiman alisema usiku huu nitawapitia wake zangu, idadi inatofautiana kwa mapokezi, sabini, tisini, mia, kila mmoja azae mpanda farasi wa kupigana njia ya Mungu, akaambiwa sema inshallah, hakusema, asizae yeyote isipokuwa mmoja tu na huyo alizaa nusu mtu. Wanaosema ndo huo mwili wapo. Ibn Kathir naye, aliyefariki 1373, akasema habari za pete hizi ni Israiliyati, yaani zimechukuliwa kwa Wana wa Israili, na hapo umkumbuke yule Wahb na vitabu vyake vya Mayahudi.

Ukisikia "Israiliyati" usiishie hapo, uliza kwa Wana wa Israili ilikuwaje. Mi niliuliza, na kusema kweli toleo lao ni tamu kuliko letu.

Liko kwenye Talmudi ya Babeli, kitabu kikubwa cha Mayahudi cha sheria na visa, sehemu inayoitwa Gitini, ambayo ajabu yake ni sehemu ya sheria za talaka, jamaa wanajadili talaka alafu ghafla wameingia kwa majini. Pale jini sio Sakhri, ni mfalme wa majini mwenyewe, Ashmedai. Chanzo cha ugomvi ni ujenzi. Biblia inasema hekalu lilipojengwa haikusikika nyundo wala shoka wala chombo cha chuma, wakajiuliza sasa mawe yalichongwaje, wakasema kulikuwa na kiumbe kidogo kinaitwa shamiri kinapasua jiwe bila chuma, na anayejua kilipo ni Ashmedai. Suleiman akamtuma Benaya mwana wa Yehoyada, akampa mnyororo na pete vyote vimechorwa lile Jina la Mungu, na sufi, na viriba vya mvinyo. Ashmedai alikuwa na kisima chake mlimani amekitia muhuri, Benaya akatoboa chini akakausha maji akaziba kwa sufi, akatoboa juu akamimina mvinyo. Jini likaja likaona mvinyo likasita, likajisomea maandiko kuhusu ubaya wa pombe (jini linajua maandiko, tulia), mwisho kiu ikashinda likanywa, likalewa, likalala, likafungwa mnyororo.

Njiani wakati analetwa wanapita mahali mganga anapiga ramli, Ashmedai akacheka. Baadaye alipoulizwa ulichekea nini akasema yule bwana alikuwa amekaa juu ya hazina ya mfalme, si angejipigia ramli ajue kilichopo chini ya makalio yake. Hapo niliposoma nilicheka peke yangu kama chizi, maana mi ni mtu wa Tanga, na ukienda mji wowote nchi hii ukajitambulisha kwamba umetoka Tanga watu wanakusogelea na shida zao, na kila nguzo ya umeme ina karatasi "mganga kutoka Tanga", mganga mwenyewe anadaiwa kodi miezi mitatu.

Turudi kwenye pete. Hekalu likajengwa, siku moja Suleiman wako wawili tu, akamuuliza Ashmedai, nyie mmetuzidi nini sisi? Jini akamwambia nifungue mnyororo, nipe hiyo pete yako, nikuonyeshe. Na Suleiman, mtu mwenye hekima kuliko wote duniani, akamfungua na akampa. Ona tofauti: kwa kina Thaalabi pete imeibiwa kwa kumdanganya mwanamke wa nyumbani, kwenye Talmudi mfalme kaitoa kwa mkono wake kwa sababu ya kutaka kujua. Kajielekeza kibla mwenyewe, kama mbuzi wa kuchinjwa. Ashmedai akaimeza, bawa moja ardhini, moja mbinguni, akamtupa Suleiman mbali, farsakhi mia nne (kipimo cha zamani cha safari). Akawa ombaomba, kila anapofika anasema mimi Mhubiri nalikuwa mfalme wa Israeli katika Yerusalemu, ambalo fundi cherehani wangu alilitambua palepale, ni Mhubiri sura ya 1 mstari wa 12. Wazee wa zamani walilishangaa lile "nalikuwa", kwani lini aliacha kuwa mfalme? Ndo hivyo stori nyingine zinavyozaliwa, kutoka kwenye neno moja la ajabu kwenye maandiko, sawasawa na ule "mwili" wa Sura Sad.

Sasa kichaa. Kwenye matoleo yote mawili kuna mfalme, kuna jini, kuna pete, na kichaa ni yule yule mfalme, ila jinsi watu walivyoligundua kosa ndo kunatofautiana sana. Kwenye Talmudi, Suleiman alipofika mbele ya wazee wa baraza kuu la Mayahudi anasema maneno yale yale, wale wazee wakasema neno moja ambalo mi nimelibeba mpaka leo: kichaa hang'ang'anii jambo moja tu. Yaani mwendawazimu angerukaruka, leo yeye mfalme, kesho yeye mbuzi, huyu kila siku anasema lile lile, hebu tuchunguze. Kiukweli hoja yenyewe ina tundu, hapa mjini kuna jamaa ana miaka kadhaa anadai bandari ya Tanga ni ya babu yake, hajawahi kubadilisha hata siku moja, kwa kipimo hicho tumpe funguo. Ila angalau walichunguza. Wakamuuliza Benaya, mfalme huwa anakuita? Akasema siku hizi haniiti. Wakatuma kwa malkia, huwa anakuja kwenu? Wakasema anakuja. Basi mwangalieni miguu. Wakajibu anakuja amevaa soksi. Hapo wakajua, maana kwenye Talmudi miguu ya majini ni kama ya jogoo. Sisi huku Pwani tunasema kwato, bibi zetu wanasema ukikutana na mwanamke mzuri usiku barabara ya Raskazone angalia chini kwanza, kumbe kile kipimo cha miguu kina umri mkubwa kuliko barabara yenyewe. Suleiman akapewa pete na mnyororo vyenye lile Jina, akaingia, Ashmedai kumwona tu akaruka. Na hata baada ya hapo mfalme alibaki na woga, ndo wanaeleza kwa nini kwenye Wimbo Ulio Bora kitanda cha Sulemani kimezungukwa na mashujaa sitini wenye mapanga, kwa ajili ya hofu ya usiku.

Umeona kitu? Kwenye Talmudi hakuna samaki. Samaki katoka wapi? Huyo ni uzi mwingine kabisa. Herodoto, Mgiriki aliyeandika karne ya 5 kabla ya Kristo, anamsimulia Polikrate mtawala wa Samosi aliyekuwa na bahati mpaka rafiki yake mfalme wa Misri akaogopa, akamshauri atupe kitu anachokipenda ili apunguze hiyo bahati, akaitupa pete yake baharini, baada ya siku chache mvuvi akamletea samaki mkubwa zawadi, kupasuliwa, pete ile pale. Na India wanayo hadithi ya Shakuntala ambaye mumewe mfalme alimsahau kabisa mpaka pete ilipopatikana tumboni mwa samaki. Bahari hii yetu wafanyabiashara wamepita na upepo wa kaskazi na kusi miaka na miaka, stori nazo hazilipi ushuru.

Na pete yenyewe kupewa Suleiman imetoka wapi? Kuna kitabu cha Kigiriki cha zamani kinaitwa Wasia wa Suleiman. Kinaanza na kijana mmoja kibarua kwenye ujenzi wa hekalu, mfalme anampenda, anamlipa mara mbili, lakini kila siku anakonda. Kumbe kila jua likizama pepo anaitwa Ornia anakuja kumchukulia nusu ya ujira na nusu ya chakula na kumnyonya kidole gumba. Mfalme akaomba, malaika Mikaeli akamletea pete yenye muhuri, kijana akamrushia pepo ile pete kifuani, ndo majini yote yakaanza kukamatwa mmoja mmoja na kupewa kazi za kubeba mawe. Na Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, anasema yeye mwenyewe alimwona Myahudi mmoja anaitwa Eleazari akitoa pepo mbele ya Vespasiano, mkubwa wa Kirumi, na maafisa wake, aliweka puani kwa mgonjwa pete yenye mzizi chini ya muhuri, akamvuta pepo atoke kwa njia ya pua huku anataja jina la Suleiman, na ili watu waamini akaweka chombo cha maji pembeni, pepo akiambiwa akimwage atakapotoka. Mtu aliyewahi kwenda kwenye kupunga pepo huku kwetu akisoma hapo haoni cha ajabu, ataulizia tu ubani ulikuwa wapi.

Hapo ndo nafika kwenye jambo ambalo nadhani limekifanya kisa hiki kituingie sisi watu wa Pwani kuliko wengine, na ni neno la Kiswahili lenyewe. Mtu anayepandwa na jini huku tunamwitaje? Kiti. Jini amekaa kitini, mwenye mwili hayupo, sura ni ile ile, sauti imebadilika, anadai marashi, anadai kanga nyekundu, saa ingine anadai hata pete ya fedha, na watu waliopo wanaongea na jini sio na mama wa watu. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo kwamba jini lilikaa kwenye kiti cha Suleiman na sura ikabaki ya Suleiman, hahitaji tafsiri, keshayaona hayo kwa shangazi yake. Na neno majinuni ndo hilo hilo la Kiarabu lililotoka kwenye jini, mtu aliyeshikwa na majini, na wazimu wenyewe uko jirani na mzimu. Kwenye lugha yetu kichaa na aliyekaliwa na jini wamelala chumba kimoja. Kisa cha pete kimewatenganisha kwa kugeuza: aliyeitwa kichaa ndo hana jini, na aliyetulia kitini, anayehukumu kesi, anayesalimiwa, ndo jini mtupu.

Kuhusu zile pete za kwenye video sina mengi. Nilishanunua moja nikiwa kijana, ikanigeuza kidole kijani, na aliyeniuzia akaniambia hiyo ndo dalili inafanya kazi. Nimweleze tu dogo fundi simu kwamba hata ukichukua kisa kama kilivyo, pete ilikuwa moja, na mara mbili zote ilipotoka kidoleni mwenye nayo aliishia kuhangaikia chakula.

Basi nikayamwaga yote haya kijiweni, nikadhani nimefunga kesi. Ustadhi akasema yeye bado yuko na Razi. Fundi cherehani akataka kujua zaidi habari za soksi. Mzee mvuvi alikuwa kimya muda wote, akauliza tu, sasa hao waliosoma wanasema jini liliitupa pete kwa nini, si lingekimbia nayo? Nikamwambia vitabu vinasema lilikimbia likaitupa, halafu pete ikamezwa. Akacheka. "We mwanangu hujawaona watu wa magendo? Boti ya doria ikitokea kule mbele, mzigo wote wa sukari unaenda majini. Mwizi akifukuzwa kwanza anatupa ushahidi."

Wote tukakubali, kwa mara ya kwanza. Alafu dogo akaharibu, akauliza sasa yule samaki alikuwa samaki gani. Mzee akasema chewa, maana chewa anameza kila kinachodondoka mbele yake hata kifuniko cha soda. Muuza kahawa akasema papa. Mzee akamgeukia, "Papa? Wawili kwa siku, kibarua? Umelipwa wewe papa wawili lini?"